Mzigo Usiopimwa kwa Mizani
(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa hewani)

Somo letu la leo lawahusu hasa akina mama, lakini akina baba msiondoke, maana mna sehemu yenu na nitawaita zamu yenu ikifika. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja: MSONGO. Wenye daftari walinakili. Nitangoja kidogo.

Haya, tulisome kwa silabi: m-so-ngo. Neno hili limetoka katika kitenzi "kusonga". Kila mama aliyemo humu amesonga ugali. Unga na maji ya moto hubanwa na mwiko, hugeuzwa, hubanwa tena, mpaka vikawa kitu kimoja kizito. Na mtu akiwa katikati ya umati mlangoni pa zahanati husema, "Jamani, mnanisonga." Basi mtu akibanwa na mawazo namna hiyo, asubuhi hata usiku, twasema ana msongo wa mawazo. Si wazimu. Si uvivu. Wala si lazima awe amelogwa, ijapokuwa najua kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo jirani atamnong'oneza.

Sasa tutazame siku moja ya mama mmoja. Tumwite Mama Fulani, maana mnamjua; pengine amekaa hapo karibu nawe. Saa kumi na moja alfajiri amekwisha amka. Awasha moto, akaanga vitumbua vya kuuza, amwamsha mtoto wa shule. Saa kumi na mbili yuko bombani. Apeleka nyumbani madumu matano ya maji, moja baada ya jingine. Kwa kuwa hili ni darasa, tufanye hesabu. Dumu moja ni lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Kilo 20 mara 5 ni kilo ngapi? Andikeni. Ni kilo 100, yaani gunia zima la mahindi, naye amelibeba kabla hajanywa chai.

Baada ya hapo auza vitumbua barabarani mpaka jua la utosi. Arudi, apika, afua, amwogesha mama mkwe ambaye hawezi kuinuka. Jioni aja darasani, kama mlivyokuja ninyi. Usiku watu wote wamelala, yeye macho yako wazi, atazama dari.

Kwa nini halali, naye amechoka hivyo? Kwa sababu ana mzigo mwingine ambao mizani yake haiuzwi dukani. Kesho ni Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku ya marejesho. Alichukua mkopo wa haraka, ile mikopo ambayo watu wa Tanzania wameibatiza jina la "kausha damu". Alichukua ili anunue unga na mafuta, lakini mtoto akaugua, na nusu ya fedha ikaenda kwenye dawa. Sasa wiki baada ya wiki alipa kwa kukopa kwingine. Mumewe hajui. Alala akihesabu: nikipata kiasi hiki, nikipunguza pale, nikimwomba dada... Hesabu haifiki mwisho, huanza tena.

Asubuhi kichwa chamgonga. Shingo imekaza. Moyo wamwenda mbio hata akiwa amekaa. Chakula hakina ladha. Mtoto amemwaga maji kidogo tu, kofi limekwisha mfikia. Kisha mama huyu hulia chooni, peke yake, kwa sababu ya kofi lile.

Yafaa tujue jambo hili latokea vipi mwilini, kwa maana mtu akijua sababu hofu hupungua. Fikiri kwamba waenda shamba na ghafula waona nyoka njiani. Kabla hujafikiri, mwili umekwisha fanya kazi yake. Juu ya figo zetu, kila moja, kuna tezi ndogo. Tezi hizo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula, damu hukimbilia miguuni na mikononi. Mwili wasema: pigana, au kimbia. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1915, na hata leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa habari hizo.

Hiyo ni kazi njema. Imewaokoa babu zetu na simba. Nyoka akiondoka, baada ya muda mfupi moyo hutulia, nawe waendelea na safari. Taabu ni kwamba Alhamisi haiondoki. Ikipita hii yaja nyingine. Mwili wa Mama Fulani umesimama tayari kukimbia, kila siku, mwezi baada ya mwezi, na hakuna mahali pa kukimbilia. Tezi zile humwaga na kitu kingine kiitwacho kortisoli, ambacho kazi yake ni kuuwezesha mwili kustahimili shida ndefu. Kikizidi kwa muda mrefu huharibu usingizi, na mtu huwa mwepesi wa kuugua. Tumbo huuma. Wengine hedhi zao huvurugika. Basi yule asemaye "mama huyu anajidai tu" hajui asemalo. Maumivu ya kichwa hicho ni maumivu ya kweli.

Hapa yanipasa kutia onyo. Si kila uchovu ni mawazo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wanawake kama 30 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Upungufu wa damu pia huleta uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Kadhalika malaria, kadhalika mimba changa. Kwa hiyo mama mwenye dalili hizo aende kwanza zahanati apimwe damu. Nimesikia habari za akina mama walioambiwa "acha mawazo" kumbe damu ilikuwa imekwisha.

Haya, mama amepimwa, damu ni nzuri, malaria hana. Afanye nini? Watu wengi wenye nia njema watamwambia, "Pumzika, mama." Mimi sipendi shauri hilo likitolewa peke yake. Kumwambia mtu apumzike bila kumpunguzia hata dumu moja la maji ni kumpa maneno matupu, na pengine ni kumwongezea kosa: sasa hata kupumzika kumemshinda.

Bibi zetu walikuwa na njia zao. Walipotwanga walitwanga wawili watatu katika kinu kimoja, wakiimba, na katika wimbo mtu aliweza kumsema mume au wifi bila kumtaja. Katika miji ya pwani, kama Mombasa, wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama, na chama kilikuwa zaidi ya ngoma, kwani mwenzao akifiwa au akioza mwana walikuwa naye. Hata kanga ilitumika. Lile jina lililoandikwa ukingoni lilimfikia aliyekusudiwa, na mvaaji hakufungua kinywa. Siku hizi unga wasagwa mashineni, na hilo ni jema, sitaki turudi kwenye kinu. Lakini ule wakati wa kukaa pamoja na kutoa ya moyoni umepungua, na kilichobaki ni kikao cha mkopo, ambapo watu hutazamana kwa jicho la deni.

Sasa nataka tusafiri kidogo, twende kusini mpaka nchi ya Zimbabwe, kwa sababu huko jambo hili la kukaa na kutoa ya moyoni limejaribiwa na kupimwa kwa hesabu, na jibu lake lafaa tulijue.

Katika mji mkuu, Harare, kuna mtaa wa zamani uitwao Mbare, wenye soko kubwa na watu wengi. Mwaka 2005 serikali ya nchi ile ilivunja nyumba na vibanda vya watu wengi mjini, na watu wakabaki na huzuni nyingi. Dr. Dixon Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili nchini humo. Mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua. Familia yake ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumrudisha hospitali. Nauli yenyewe ilikuwa kama dola 15. Daktari akaona kwamba mgonjwa hawezi kumfikia. Basi yapasa msaada uende mtaani.

Mwaka 2006 alianza Mbare. Hakupewa chumba, hakupewa wauguzi. Alipewa bibi 14, wanawake wazee waliokwisha kuwa wakifanya kazi ya afya mtaani. Mahali pa kazi palikuwa benchi la mbao chini ya mti, nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kukaa hapo, maana nani apenda kuonekana akikalia benchi la wagonjwa wa akili? Wale bibi wakamwambia daktari: badilisha jina. Likawa benchi la urafiki, na watu wakaja. Mimi nalipenda jambo hilo. Daktari alikuwa na vitabu, lakini ni bibi waliojua jina gani lingewafukuza watu na jina gani lingewaita.

Bibi hawa hutumia neno la Kishona: kufungisisa. Kishona ni ndugu wa Kiswahili, lakini hapa tuwe waangalifu. "Kufunga" kwa Kishona si kufunga mlango, ni kufikiri. "Kufungisisa" ni kufikiri kupita kiasi, mawazo yakizunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mwaonaje? Mama wa Mbare na Mama Fulani wetu wana ugonjwa mmoja.

Aketiye kwenye benchi huulizwa maswali 14. Je, walala vizuri? Je, walia? Je, kazi zako zakushinda? Na mengine ya namna hiyo. Kisha bibi husikiliza. Hakatizi maneno, hahubiri, hasemi "mbona mwenzako ana shida kuliko wewe". Mama humwaga shida zake zote. Halafu bibi humwuliza: katika hizi, ipi tuanze nayo? Huchagua moja. Si zote, moja. Kisha hutafuta hatua moja ndogo ambayo mama mwenyewe aweza kuifanya kabla ya kukutana tena. Mama hurudi, waitazama: imefanyika? Haikufanyika? Kwa nini? Hivyo hivyo, kwa vikao kama sita.

Madaktari hawakuridhika na sifa, walitaka hesabu. Wakachukua wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare, zaidi ya 8 katika kila 10 wakiwa wanawake. Baadhi walikaa kwenye benchi. Wengine walipata matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika wale wa matibabu ya kawaida, kama 50 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, yaani ule msongo uliokomaa ukawa ugonjwa wa huzuni. Katika wale wa benchi walikuwa kama 14 katika kila 100. Tangu hapo benchi hilo limefika nchi nyingine, hata Malawi na Zanzibar.

Na baada ya vikao, akina mama hualikwa katika kikundi kiitwacho Kubatana Tose, yaani kushikamana sote. (Sikieni hilo "tose": ni "sote" yetu hiyo.) Hukaa wakifuma mifuko kwa plastiki kuukuu, na huku wazungumza. Mikono ina kazi, mfuko wapata kuuzwa, na ni rahisi kusema neno zito macho yako yakiwa kwenye uzi.

Basi turudi kwa Mama Fulani. Hana benchi mtaani kwake. Lakini njia ile aweza kuifuata, kwa kuwa sasa ajua kuandika. Achukue karatasi, aandike shida zake moja moja chini ya nyingine. Deni. Maji. Mama mkwe. Sare ya mtoto. Kukosa usingizi. Shida ikiwa kichwani huzunguka na kuonekana mia; ikiwa kwenye karatasi huhesabika. Zake ni tano.

Aanze na ipi? Wengi watasema deni, maana ndilo kubwa. Pengine. Lakini mimi ningemshauri aanze na ile ambayo aweza kuipunguza wiki hii, ili apate nguvu ya kulikabili deni. Maji. Nyumbani mna kijana wa kiume wa miaka 14. Ana mikono miwili. Achote madumu mawili kila jioni atokapo shule. Kilo 40 zimetoka juu ya kichwa cha mama, na alfajiri amepata nusu saa. Watu watasema maji ni kazi ya mwanamke. Maji hayajui hayo.

Wiki ya pili, deni. Hapa hatua ndogo ya kwanza si kulipa. Ni kumwambia mtu mmoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na deni la siri ni maradhi. Lakini achague mtu kwa akili, kwa maana siri ikifika bombani saa kumi na mbili, saa nne ni ya mtaa mzima. Amchague mtu mzima asiyependa habari za watu: shangazi, somo yake, mwalimu, kiongozi wa dini aliye msikivu. Kisha amwambie mumewe, pengine mtu huyo akiwapo. Aende kwa mkopeshaji kuomba marejesho madogo kwa muda mrefu, naye asiende peke yake. Na asichukue mkopo mpya wa kulipia wa zamani. Kama kuna kikundi cha kuweka na kukopa, kikoba au upatu wa watu waaminifu, ajiunge kwa kiasi kidogo. Deni halitaisha kwa wiki moja, lakini hesabu ya usiku sasa ina watu wawili.

Sasa kuna jambo dogo la kufanya papo hapo moyo unapokwenda mbio. Tulifanye pamoja. Kaeni vizuri, mabega yashuke. Vuteni pumzi polepole kwa pua huku nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Sasa itoeni polepole zaidi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena. Kuvuta 4 na kutoa 6 ni sekunde 10. Basi katika dakika moja ni pumzi 6. Pumzi ndefu ya kutoka huuambia moyo kwamba nyoka ameondoka. Mkiona kizunguzungu, acheni. Dakika tatu zatosha, hata ukiwa jikoni ukingoja maji yachemke. Haliondoi deni, nisiwadanganye, lakini latoa nafasi kati ya maji kumwagika na kofi.

Na chai ya usiku? Samahani, wapenzi wa chai ya rangi. Chai na kahawa zina kitu kiitwacho kafeini, ambacho hufukuza usingizi, na saa tano baada ya kuinywa karibu nusu yake bado imo mwilini. Inyweni asubuhi. Mtu mzima ahitaji kulala saa 7 au zaidi.

Akina baba, zamu yenu. Mkeo akiwa mkali ghafula, akiwa hali, akiwa hacheki, usiseme amebadilika tabia. Muulize, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Kunyamaza huko ni kazi ngumu, najua. Halafu beba dumu.

La mwisho lataka masikio yenu yote. Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na mama hawezi kazi zake wala hafurahii kitu, huo si uchovu tena. Aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya, aseme wazi: silali, nalia, nimekata tamaa. Kuna dawa na kuna watu wa kuzungumza naye. Mama aliyejifungua atazamwe zaidi: Shirika la Afya Duniani lasema wanawake kama 13 katika kila 100 waliojifungua hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Usimwambie hampendi mtoto wake. Na mtu akisema "afadhali nife", au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usimcheke, usimkemee, wala usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa karibu naye dawa za shamba na vidonge, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema.

Kazi ya nyumbani. Andikeni shida zenu, si zaidi ya tano, neno moja moja. Wekeni alama mbele ya ile mtakayoanza nayo. Chini yake andikeni sentensi moja inayoanza kwa maneno haya: "Wiki hii nitamwomba..." Karatasi hiyo ni yako, mwalimu hataikusanya. Katika somo lijalo tutasoma hesabu ya riba, na kila mwenye mkataba wa mkopo aje nao.